Mgeni wa Kawira Kutoka Saudia

Mugambi alikuwa amesimama kwenye sinki la jikoni, mikono imezama katika povu, aliposikia mkewe akicheka. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwao Doonside, kitongoji cha Sydney, na kicheko kilitoka sebuleni ambako Kawira alikuwa ameketi na binti yao Gakii. Si ajabu mtu kucheka. Ajabu ni kwamba Mugambi, aliyemwoa Kawira miaka ishirini iliyopita, hakukitambua kicheko kile. Kilikuwa cha msichana.

Alifunga bomba ili asikie vizuri.

Gakii alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu kule Kensington, akisomea siasa za dunia. Mhadhiri alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi achague nchi iliyokuwa tulivu kisha ikaingiwa na umwagaji damu, amtafute mtu aliyeishi huko, amrekodi akieleza. Wenzake walihangaika. Yeye alikuwa na mama aliyekuwa nesi Saudia tangu mwaka 2000 hadi 2004, miaka ambayo ufalme ule wa mafuta, uliodhaniwa kuwa mwamba, ulianza kulipuliwa na watoto wake wenyewe. Basi akaweka simu mezani na kuanza kuuliza. Binti aliuliza kwa Kiingereza, mama akajibu kwa Kiswahili, kama walivyozoea tangu Gakii aanze shule.

"Mishaal alikuwa fundi wa eksirei pale hospitalini," Kawira alikuwa akisema. "Nilipofika sikujua Kiarabu hata cha kuomba maji. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mlango ulibaki wazi, maana mwanamke na mwanaume wasio wa nyumba moja hawakuruhusiwa kujifungia, basi mimi nasimama kizingitini na faili la mgonjwa, yeye ndani ananiambia, sema tena, Sista, sema tena. Siku moja nikataka kumwambia mzee mmoja avute pumzi, nikamwambia avue suruali. Na mzee akaanza kuvua!"

Akacheka tena. Mugambi aliikamua sponji mpaka ikakauka.

"Mum," Gakii akasema, naye anacheka, "but why did it happen? The violence."

Kawira akaacha kucheka. "Mimi si msomi wa mambo hayo. Ninachoweza kukueleza ni nyumba moja tu."

Akaieleza nyumba hiyo. Mama yake Mishaal alikuwa na ugonjwa wa sukari na vidonda vya miguu, na Kawira alikuwa akienda kumfunga bendeji, dada yake Mishaal akimfungulia mlango wa upande wa wanawake. Baba yao alikuwa mchunga ngamia aliyeajiriwa na kampuni ya mafuta akiwa kijana. Mafuta yakampa nyumba, yakamsomeshea watoto bure, yakamtibu bure. Hakulipa kodi hata siku moja, na hakuulizwa maoni yake hata siku moja.

"Hayo ndiyo yalikuwa mapatano," Kawira akasema. "Mfalme anakulisha, wewe unanyamaza. Lakini watoto wakazaliwa tisa. Kwa jirani vilevile. Na bei ya mafuta ikaanguka kabla wadogo hawajamaliza shule. Mishaal, kifungua mimba, alipata kazi kabla hajavua joho. Sattam, wa saba, alisomea dini chuo kikuu, akatoka na cheti, akakaa nyumbani. Kazi za hospitali tulikuwa nazo sisi, Wakenya, Wafilipino na Wahindi. Za juu walikuwa nazo Wazungu na watu wenye majina. Yeye akabaki kuendesha gari la kaka yake, kumpeleka mama kliniki."

"So he was poor?"

"Maskini wapi! Alivaa viatu vizuri kuliko vya baba yako. Hakuwa na njaa, mwanangu. Alikuwa na muda."

Mugambi alivitazama viatu vyake.

"Na palikuwa na mahali pamoja tu pa kusema neno, msikitini na kwenye vikao vyake. Chama hakuna, bunge la kuchaguliwa hakuna, gazeti linaandika mfalme alivyoamka. Wahubiri wakali waliachiwa nafasi, hata walilelewa, kwa sababu walisema kumtii mfalme ni ibada. Zamani vijana walishangiliwa waende Afghanistani kupigana na Warusi. Vita vikaisha, wakarudi na ujuzi wa bunduki, na hakuna aliyejua awafanyie nini. Kisha Iraki ikaivamia Kuwait, na Wamarekani wakaitwa kuja kulinda. Hapo wakauliza, kama nchi hii ni takatifu vile mlivyotufundisha, hawa wanatafuta nini? Waliouliza kwa sauti wakafungwa, na jela ikawaivisha. Vita vya Iraki vilipoanza, chungu kikafurika."

"Na Sattam?" Gakii aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Sattam aliacha kula na kaka yake. Halafu akaacha kulala nyumbani."

Sauti ya Kawira ilishuka, na Mugambi akasogea karibu na mlango. Kawira akaeleza kuhusu asubuhi moja mwaka 2004 ambapo Mishaal alikuja mpaka wodini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia, Sista, ukimaliza zamu leo usirudi kwenye kampaundi, kaa hapa hapa. Kampaundi ilikuwa mtaa uliozungushiwa ukuta walimoishi wageni, manesi kwa wahandisi. Kawira hakumwuliza kitu, kwa jinsi macho ya Mishaal yalivyokuwa. Adhuhuri wakaanza kusikia milio ya risasi. Watu wenye silaha walikuwa wameingia kampaundi, wanapita nyumba hadi nyumba. Jioni askari walipomaliza kazi yao, Sattam alikuwa mmoja wa washambuliaji waliolala chini, wamekufa.

"Mishaal ndiye aliyeniokoa," Kawira akasema. "Nami nilirudi Kenya bila kumuaga."

Gakii alimtazama mama yake kwa muda. "Did you love him?"

 Mugambi alisikia friji ikinguruma nyuma yake.

"Izime hiyo simu," Kawira akasema.

Hakusema hapana. Hilo ndilo Mugambi alilolala nalo, akaamka nalo, akaliendesha nalo lori lake la kontena mpaka bandari ya Port Botany alfajiri iliyofuata. Angesema hapana, yangekwisha. Hata angesema ndiyo, mtu angejua ameshika nini.

Alianza kupiga hesabu ambazo hakuwahi kuzipiga. Kawira alirudi Meru katikati ya mwaka ule. Yeye Mugambi, wakati huo akiuza dawa za mifugo mjini, alimwona kwenye harusi ya binamu yake, msichana mtulivu aliyevaa gauni la kijani, asiye na maneno mengi. Mwaka haukwisha, wakaoana. Alijisifu kwa rafiki zake kwamba amepata mke mnyamavu. Kumbe mnyamavu alikuwa ameyaacha maneno yake kwingine, kwenye kizingiti cha chumba cha eksirei, na yeye akaokota kilichobaki akadhani ni kizima.

Wivu una akili yake. Ulimkumbusha kwamba Kawira hunywa chai bila maziwa, akasema moyoni, hiyo ni ya Waarabu. Ulimkumbusha kwamba hulala usingizi kwa kushtuka, akasema, anamwota. Alimtazama akisuka nywele mbele ya kioo na kujiuliza anasuka kwa ajili ya nani, ilhali alijua fika anasuka kwa ajili ya kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee kule Blacktown.

Wiki ya pili alishindwa kuvumilia. Malori yalikuwa yamejipanga foleni ndefu yakingoja kupakia, na mwenzake Wilondja, Mkongo wa Fizi aliyeendesha lori la nyuma yake, alipanda kukaa naye kama kawaida. Mugambi akamweleza yote.

Wilondja alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Ndugu, weye unaona wivu ya mutu wa miaka makumi mbili? Huyu mutu iko wapi? Iko Arabia. Bibi yako iko wapi? Iko ku nyumba yako. Sasa unalia nini?"

"Silii."

"Unalia. Macho yako inasema." Akafungua mlango ateremke, kisha akageuka. "Umeshamuuliza bibi yenyewe?"

"Nimuulize nini?"

"Ya kule. Bintu, mambo ya kule aliona. Ulishaka kumuuliza hata siku moja?"

Mugambi akawasha injini, kwa sababu foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Pengine yangefifia yenyewe. Lakini Gakii, mtoto wa zama hizi, aliingia kwenye kundi la mtandaoni la manesi waliowahi kufanya kazi katika hospitali ile, akauliza, na kabla ya mwezi kuisha akampata Mishaal. Si hivyo tu. Mishaal alikuwa na kijana wake anayesoma Brisbane, na mwezi wa saba angekuja kumtembelea. Angefurahi kupitia Sydney siku mbili na kumwona Sista Kawira.

"Karibu sana," Kawira alimwambia Gakii amwandikie. Alisema hivyo bila kumtazama Mugambi, na Mugambi aliona kwamba hakumtazama.

Yaliyofuata yalikuwa mateso ya polepole. Kawira alisafiri mpaka Auburn kutafuta nyama ya halali, yeye ambaye katika maisha yao yote hapo Doonside hakuwahi kununua nyama mbali kuliko duka la karibu na stesheni. Alitoa mapazia akayafua. Alinunua kahawa na iliki. Jioni alikaa na kurudia maneno ya Kiarabu chini ya sauti, akiyapima kama mtu anayejaribu nguo ya zamani.

"Huyu mgeni," Mugambi akasema siku moja, "ni mfalme mwenyewe anakuja?"

"Ni mtu aliyeniweka hai, Baba Gakii."

"Nami sijakuweka hai miaka hii yote?"

Kawira alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. "Hilo limetoka wapi?" Na bila kungoja jibu akaendelea, "Alhamisi niko zamu, na Gakii ana mtihani. Wewe unashinda Port Botany, uwanja wa ndege uko mlango wa pili. Ndege yake inatua saa nane. Utampokea?"

"Nitampokea," Mugambi akasema.

Alhamisi hiyo aliacha lori, akachukua gari lake, akaenda. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake, alikwenda. Alisimama nyuma ya nguzo ukumbini, mkononi ana picha aliyotumiwa na Gakii, na akangoja mwanaume wa kwenye kichwa chake atokee, mrefu, mwenye ndevu nzuri na mabega.

Akatoka mtu mfupi mwenye upara. Alivaa koti la sufu lililomzidi, akavuta sanduku dogo kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika boksi la tende kifuani kama mtoto mchanga. Alichechemea kidogo mguu wa kushoto. Alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona, akaangalia nyuso.

Ungedhani Mugambi angepumua. Kinyume chake, wivu ulizidi. Sura nzuri angeielewa. Sasa akajiuliza, mtu huyu asiye na chochote cha kutazama alimpa nini mke wangu hata akacheka vile? Akamwona akitabasamu na kumsaidia mama mmoja kuinua mkoba wake. Akamchukia kwa hilo pia.

Akageuka, akaenda kwenye gari. Akampigia Kawira, akamkuta kwenye mapumziko mafupi. "Ndege imechelewa," akasema. "Hawajui itatua saa ngapi." Kisha akaendesha kuelekea magharibi, redio imezimwa.

Alifika mpaka Parramatta. Aliegesha kando ya duka moja, akanunua chai, hakuinywa. Alijua kwamba mtu yule hana namba yake, kwamba Gakii yuko kwenye mtihani na Kawira huzima simu akiwa na wagonjwa. Alijua kwamba baridi ya Julai imeanza kuingia na koti lile halina vifungo viwili. Akajiambia kwamba mtu mzima atachukua teksi. Akajiambia mara ya pili, na ya pili haikumridhisha kuliko ya kwanza. Akageuza gari.

Aliporudi, Mishaal alikuwa amesimama palepale. Palepale! Watu wa ndege tatu au nne walikuwa wamepita mbele yake.

"Wewe ni Mugambi," Mishaal akasema kwa Kiingereza kizito, uso ukachanua. "Abu Gakii. Kawira aliniambia utakuja."

"Barabara," Mugambi akasema. "Foleni."

Mishaal alimtazama kidogo tu, akaitikia kwa kichwa, akampa boksi la tende.

Wakashika barabara. Mishaal alitazama dirishani, akasifu miti, akauliza kama hapa kuna mvua nyingi. Alikuwa na adabu ya kuchosha. Hatimaye Mugambi, ambaye alikuwa akitafuta pa kumchoma, akapaona.

"Mdogo wako," akasema. "Sattam. Kwa nini alifanya vile?"

Alitegemea mtu aone aibu au akasirike. Mishaal alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Watu wengi hawaniulizi," akasema. "Wanazunguka. Binti yako ameniandikia vizuri sana, ameniuliza kuhusu mafuta, wahubiri, Wamarekani, jela. Nimemjibu kwamba yote ni kweli. Hizo zilikuwa kuni, na kuni zilikuwa nyingi, na walioziweka pale ni watu wakubwa waliodhani wao hawawezi kuungua. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na kuni zilezile, Abu Gakii. Kwa jirani yetu hapakuwaka. Kwetu paliwaka."

"Kwa nini kwenu?"

"Mimi nilikuwa na kazi. Mimi nilikuwa na chumba cha juu chenye feni. Baba alipokuwa na wageni aliniita mimi nikae karibu yake, na Sattam alimimina kahawa. Nilipoposa, yeye alipeleka zawadi kwa gari langu, na alikuwa na umri wa kuposa pia. Nilimwona akinitazama. Unajua mtu anavyokutazama unapokula? Nilisema, ni mtoto, atapata zamu yake. Zamu haikuja. Wakaja watu wengine wakamwambia kwamba anachokisikia kifuani si wivu. Wakamwambia ni imani. Kwamba kaka yako amekula kwa sababu anawatumikia makafiri, na wewe una njaa kwa sababu u safi. Wewe fikiria. Mtu anaona haya kwa kitu kibaya kilicho ndani yake, halafu anakuja mtu anakiosha, anakipaka manukato na kukiita kitakatifu. Nani angekataa?"

Mugambi alishika usukani kwa mikono miwili. Mbele yao taa nyekundu za magari zilikuwa zimejipanga mpaka mwisho wa macho, na safari hii foleni ilikuwa ya kweli.

"Nilifika saa nane," Mugambi akasema ghafla. "Nilikuona. Nikaondoka."

"Najua," Mishaal akasema. "Nami nilikuona. Ulikuwa nyuma ya nguzo. Binti yako alinitumia picha yenu."

"Na ukasimama tu?"

"Ningekwenda wapi?"

Hapakuwa na lawama katika sauti ile, na Mugambi angeipenda lawama zaidi.

Jioni nyumba ilinukia iliki. Kawira alimpokea mgeni mlangoni, mkono kifuani kama alivyofundishwa kule, na Mishaal akafanya vivyo hivyo, na wote wawili wakabaki wamesimama wakitazamana bila kugusana. Mugambi alihesabu kwamba hata yeye hajawahi kutazamwa hivyo akirudi kutoka popote.

"Ndege ilichelewa sana?" Gakii akauliza, mjanja, kwani alikuwa ameangalia kwenye simu baada ya mtihani na alijua.

"Kidogo," Mishaal akasema. "Baba yako alikuwa mvumilivu."

Mugambi akainamisha kichwa juu ya sahani yake. Kumbe unaweza kumwonea mtu wivu hata kwa uongo anaokusemea.

Walikula. Gakii akaomba ruhusa ya kurekodi, mgeni akaruhusu. Akauliza alijuaje kuhusu siku ile.

Mishaal akaweka kijiko chini. "Sattam alikuja nyumbani usiku uliotangulia. Akambusu mama miguu, penye vidonda, akaondoka. Mama akasema, mtoto wangu ametubu. Mimi nikajua ameaga. Nikaenda polisi nikamtaja. Nikawapa jina la ndugu yangu, sura yake, gari langu alilokuwa amelichukua. Sikujua ni wapi wala saa ngapi. Walitafuta, hawakumpata mapema. Asubuhi nikaja kwako, Sista, kwa sababu wageni niliowajua kwa majina walikuwa wachache."

"Hukuniambia," Kawira akasema. "Hukuniambia ulikwenda polisi."

"Mama alijua. Aliishi miaka sita baada ya hapo na hakusema nami tena. Dada yangu alikuwa anasimama katikati, anasema, mama anasema hivi, mama anasema vile. Na sote tuko chumba kimoja."

Kawira alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa Mishaal. Mbele ya mumewe na binti yake, akaushika na kulia. Mugambi aliona vidole vya mkewe vikibana kwa nguvu. Kila kitu ndani yake kilimwambia asimame. Akasimama kweli, na kwa kuwa miguu ilimpeleka jikoni, akaweka maji ya kahawa, kwa sababu mtu akisimama lazima afanye kitu.

Kawira alimfuata baadaye kuchukua vikombe.

"Ilitua saa nane," akasema.

"Ndiyo."

"Ulimwacha pale mzee wa watu kwenye baridi."

"Nilirudi."

"Mugambi." Hakumwita Baba Gakii. "Tangu siku ile uliyosikiliza mlangoni umekuwa unanitazama kama mwizi. Ningekuwa na la kuficha ningemleta mezani kwako?" Akachukua sinia. "Na sitakueleza kama nilimpenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, sikukujua. Hiyo ni yangu."

Kesho yake Kawira na Gakii walimtembeza mgeni mjini, na keshokutwa wakamsindikiza uwanja wa ndege. Mugambi hakuombwa kuendesha. Mishaal alimpa mkono mlangoni, akamwalika nyumbani kwake, na alionekana anamaanisha. Walipoondoka, Mugambi alikata nyasi za uani, akazikata tena pale ambapo zilikuwa zimeshakatwa, akitazama barabara kila gari lilipopita.

Walirudi alasiri. Gakii alikwenda chumbani na kompyuta yake. Kawira akaja uani, akaketi kwenye ngazi ya nyuma, akavua viatu. Mugambi akazima mashine. Alikuwa na maneno tayari, nusu ya kuomba radhi na nusu ya kushtaki, lakini yalipofika mdomoni aliyaona hayafai, kwa kuwa yote yalianza na mimi.

Akaketi ngazi ya chini yake.

"Siku ile," akasema, "ulipobaki hospitalini. Kampaundi uliishi na nani?"

Kawira aligeuka kumtazama. Mugambi akadhani amekosea tena.

"Na Jerotich," akasema. "Msichana wa Kapsabet. Tulifika ndege moja. Siku ile ilikuwa siku yake ya mapumziko, alikuwa amelala. Nilipiga simu ya nyumba. Mishaal aliposema nisirudi, kitu cha kwanza nilienda kwenye meza ya manesi nikapiga. Ikalia. Alikuwa na usingizi mzito, Jerotich, tulikuwa tunamcheka. Nikapiga mpaka sista mkuu akanipokonya simu, wagonjwa wanangoja. Saa sita nikapiga tena na laini ilikuwa imekufa. Naye Jerotich hakutoka mle akiwa hai."

 Miaka ishirini Mugambi alikuwa amelala kando ya mwanamke anayeshtuka usingizini.

"Gakii nilimficha hilo," Kawira akaendelea. "Sikutaka liende darasani likapewe alama. Na wewe hukuniuliza. Ulipokuja kuniposa ulisema, mambo ya Saudia yamekwisha, tuanze upya. Nikaona ni wema."

"Nilidhani ni wema," Mugambi akasema.

"Najua."

Mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani upande wa pili wa uzio. Mugambi bado alimwona Mishaal kichwani, koti kubwa na boksi la tende, mtu aliyejua kuhusu Jerotich kabla yake na ambaye huenda alilia na Kawira wakati kulia kulikuwa na maana. Iliuma. Pengine ingeendelea kuuma kwa muda mrefu, na hakuna mhubiri ambaye angeweza kumwambia kwamba ni kitu kingine. Alisogea ngazi moja juu, akakaa karibu naye.

"Alikuwaje?" akauliza. "Huyo Jerotich."

Kawira akafuta uso kwa kiganja. "Mrefu," akasema. "Mrefu na mvivu, na akiimba jikoni unataka kuhama nyumba. Ngoja nikwambie alivyowahi kuunguza sufuria ya wale Wafilipino." Na akaanza kumweleza.